Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Matembezi Yetu Ndani ya Jiji la Columbus

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, mwenyekiti hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka kabla ya Mkutano Mkuu, ili kila mmoja aisome kwa utulivu nyumbani kwake na aje mkutanoni akiwa na maswali badala ya kuja kusomewa. Taarifa hii inahusu mwaka 2024, na karibu yote inahusu jambo moja ambalo mkutano uliopita ulituagiza tulifanye: kutoka katika sebule zetu na kumbi za kukodi, na kuanza kulijua jiji hili la Columbus, jimboni Ohio, Marekani, tunaloishi ndani yake. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, nami sitaziingilia isipokuwa pale ambapo gharama ndiyo iliyoamua shughuli iwepo au isiwepo.

Wengi mnakumbuka agizo lile lilivyozaliwa. Mama mmoja alisimama akasema kwamba amekaa Columbus miaka kumi na moja, na njia anazozijua ni tatu tu: ya ghala anakofanya kazi, ya shule ya watoto wake, na ya duka la nyama halali kule Morse Road. Watu walicheka, kisha nikawaona kadhaa wakihesabu njia zao kimoyomoyo, na kwa kadiri nilivyosikia baadaye wakati wa chai, wachache walivuka nne.

Nitangulize maoni yangu mapema ili anayepingana nami ajiandae. Matembezi yaliyofaulu mwaka huu ni yale ambayo mtu aliweza kukaa muda mrefu, kulipa kidogo, kumwachia mtoto akimbie, na kula kutoka sahani ya jirani. Matembezi yaliyotuchosha ni yale ya kuketi kwenye meza moja ndefu ya mgahawa tukingojea bili. Kamati iliupanga mwaka ikidhani kwamba chakula ndicho kitakachotuunganisha. Chakula kilituunganisha kweli, lakini pale tu ambapo hakikuwa na meza ya kutubana wala muda wa kuondoka.

Tulianza tarehe 8 Aprili, siku ya kupatwa kwa jua, na sikutarajia kwamba tukio lisilo na mlo wowote ndilo litakaloleta watu wengi. Kivuli kizima cha mwezi kilipita kaskazini-magharibi ya Ohio, na katikati ya Columbus kilikosekana kwa umbali mdogo tu, kwa hiyo tuliendesha magari kwa barabara ya 23 hadi Delaware, ambako jua lilifunikwa lote kwa dakika mbili na ushee. Ilikuwa siku za mwisho za Ramadhani. Wanachama Waislamu walikuwa wamefunga, na Wakristo, kwa adabu ambayo hakuna aliyewaagiza, waliacha vikapu vyao ndani ya magari. Yapata saa tisa na dakika kumi alasiri mwanga uligeuka rangi ya shaba, ndege wakaanza kurudi mitini, na baadhi yetu wakasimama safu kuswali swala ya kupatwa kwa jua kwenye nyasi za bustani. Mzee wetu kutoka Barawa, kule Somalia, ambaye Chimiini chake, Kiswahili cha kwao, hutufurahisha sote, alituambia baadaye kwamba mwezi ule ule tuliokuwa tunaungojea uandame ili tupate Idi ndio uliokuwa umesimama mbele ya jua. Sikuwa nimelifikiria hivyo. Ohio haikuwa imeona kupatwa kamili tangu 1806, na kupatwa kamili kwingine hakutatokea hapa hadi 2099, kwa hiyo walioshindwa kuja kwa sababu ya zamu za kazi nawapa pole, maana kamati haiwezi kuwapangia siku nyingine.

Mwisho wa Mei tulikwenda Franklin Park kwenye Tamasha la Asia, ambalo hufanyika wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, na halina kiingilio. Safari hii ilikwenda vizuri kiasi kwamba sina mengi ya kuiandikia. Basi namba 10 la COTA, shirika la mabasi ya umma la hapa, linapita Broad Street na kuwashusha watu pembeni mwa bustani, kwa hiyo hata wasiokuwa na magari walifika bila kuomba lifti, na hilo peke yake linastahili kukumbukwa tutakapopanga mwaka ujao.

Sasa nije kwenye besiboli, ambayo iliwagawa wanachama hata kabla hatujatoka nyumbani. Nilipopendekeza twende Huntington Park kuitazama timu ya besiboli ya jiji, Clippers, vijana waliniambia kwamba ni mchezo wa kutazama nyasi zikiota, na wazee wakauliza kwa nini tusiende kwenye mpira wa miguu ambao hauhitaji mkalimani. Nilishikilia pendekezo langu kwa sababu ya bei. Clippers si timu ya ligi kuu. Wako ngazi moja chini yake, wakiwalea wachezaji wa timu ya ligi kuu ya Cleveland, Guardians, tangu 2009, mwaka ambao uwanja wenyewe ulifunguliwa. Uwanja una nafasi ya watazamaji kama elfu kumi, uko katikati ya jiji, na timu ni mali ya Kaunti ya Franklin, iliyoirudisha besiboli mjini mwaka 1977. Jambo hili liliwashangaza wanachama kuliko mchezo wenyewe: katika nchi ambayo timu huwa za matajiri, hii ni ya serikali ya kaunti yetu, na tiketi zake zinaonyesha hivyo. Jina la timu nalo lilizua mjadala, kwa kuwa clipper ni aina ya jahazi la mwendo kasi lililokuwa likivuka bahari kuu, ilhali Columbus haina bahari, na mto wake Scioto mtu wa Lamu angeuona kama mkondo wa maji ya mvua.

Tulikwenda usiku wa hotidogi za senti kumi, ambao ni desturi maarufu ya uwanja huo. Watu hununua soseji ndani ya mkate kwa senti kumi kila moja, na ubao mkubwa hutangaza idadi iliyokwisha kuliwa, umati ukishangilia hesabu hiyo sawasawa na unavyoshangilia mabao. Wanachama Waislamu hawakuzigusa kwa kuwa hatukuwa na uhakika wa nyama yake. Walinunua bisi na viazi vya kukaanga, na mmoja wao akajitwika kazi ya kuwahesabia wengine ili pasiwe na udanganyifu katika mashindano ya vijana wetu wawili, ambayo matokeo yake nimeombwa na mama zao nisiyaandike.

Kuhusu mchezo wenyewe, aliyetufumbua macho si mimi niliyejifunza kanuni kwa wiki nzima, bali mama mmoja wa Kenya aliyecheza raundasi shule ya msingi. Alituambia tusihangaike na yote. Tumtazame mrushaji na mpigaji tu, tuhesabu. Mpigaji akikosa mara tatu ametoka. Mrushaji akirusha nje ya eneo linalokubalika mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Watatu wakitoka, timu zinabadilishana, na kila timu inapiga duru tisa. Mengine yote, alisema, ni ya wenye nafasi. Kuanzia hapo watu walitulia. Dada mmoja wa Dar es Salaam akaongeza kwamba aliyewahi kucheza rede anajua thamani ya kulikwepa na kulidaka dongo la mpira, akawa anapiga kelele kila mpira ulipodakwa hewani, bila kujali umedakwa na timu gani.

Katika duru ya tano mvua ilinyesha. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoamini kwamba tulichagua vema. Waamuzi walisimamisha mchezo, na kundi kubwa la wafanyakazi likatoka mbio kuelekea turubai jeupe lililokuwa limezungushwa kwenye bomba refu pembezoni mwa uwanja. Walilisukuma bomba, kisha wakaikamata kingo ya turubai na kuanza kuivuta wakirudi kinyumenyume, bega kwa bega, upepo ukiingia chini yake na kulivimbisha, mmoja akateleza akaburutwa magotini bila kuachia. Mzee wetu wa Bagamoyo, ambaye tangu tufike alikuwa amenyamaza na mikono ameikunja, aliinuka akapaza sauti: «Wanavuta juya!» Kisha akaanza kuwaimbia wimbo wa wavuvi wa kuvutia wavu ufukweni, nasi tukaitikia, na Wamarekani wa safu ya mbele yetu, ambao hawakuelewa hata neno moja, wakaanza kupiga makofi kwa mapigo ya wimbo. Mvua ilipokatika turubai likavutwa tena, wimbo ukaimbwa tena. Nani alishinda mchezo ule imebidi nimuulize Katibu, naye ameshindwa kukumbuka.

Vijana nilitaka wajue pia kwamba mchezo huu una historia inayowahusu. Derek Jeter, nyota wa besiboli, alipita hapa Columbus katika miaka ya 1990 timu ilipokuwa chini ya Yankees ya New York, na Francisco Lindor na José Ramírez walipita Huntington Park kabla ya kupanda Cleveland. Zamani zaidi, mwana wa Ohio, Moses Fleetwood Walker, Mmarekani mweusi, alicheza ligi kuu akiwa na timu ya Toledo mwaka 1884, kabla mlango haujafungwa kwa watu weusi hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Ni miaka 63 katikati. Mwaka 1935 Elite Giants, timu ya ligi za weusi, walifanya Columbus kuwa makao yao kwa msimu mmoja. Nilieleza haya wakati wa mvua, na nadhani nilisikilizwa zaidi kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

Mwisho wa Juni tulikwenda ComFest katika Goodale Park. Ni tamasha la kujitolea lililoanza mwaka 1972, lenye muziki mzuri na mahema ya vikundi vya haki za jamii, na hakuna anayelipa kuingia. Nimepokea barua tatu za malalamiko kuhusu mavazi ya baadhi ya wahudhuriaji, au niseme uhaba wa mavazi, ambao tamasha hili linajulikana kwao. Malalamiko ni ya haki kwa upande mmoja tu: kamati ilipaswa kuwaeleza wazazi mapema. Kuwaeleza watu wa Columbus wavae nini katika bustani yao si kazi ya chama.

Maonyesho ya Jimbo la Ohio, yaliyofanyika kuanzia tarehe 24 Julai hadi 4 Agosti, ndiyo yaliyotugharimu zaidi, na sababu ni basi. Kampuni tuliyoikodi ilituchelewesha zaidi ya saa moja na nusu, tukawa tumesimama na watoto kwenye maegesho ya jua kali, na waliokuwa na subira wakaikosa. Sehemu ya fedha tulirejeshewa baada ya barua nyingi za Katibu, ambaye namshukuru hadharani. Tulipofika, kila mtu alitaka kwanza kumwona ng'ombe wa siagi, sanamu ya ng'ombe na ndama wake ambayo imekuwa ikitengenezwa kwa ajili ya maonyesho haya tangu 1903, ikiwekwa nyuma ya kioo kwenye chumba cha baridi, na kwa kazi hiyo hutumika siagi ya karibu kilo 900. Akina mama walitazama kwa macho ya jikoni. Mmoja alisema kwa sauti ya huzuni ya kweli kwamba pilau ngapi zingetoka pale.

Lakini aliyeibeba siku hiyo ni mzee wetu kutoka milima ya Minembwe, kule Kongo. Tulimpoteza. Tulimtafuta kwenye mahema ya vyakula, kwenye vivuli, hata kwa askari wa zamu, tukamkuta ameketi peke yake kwenye majukwaa ya ukumbi wa kushindanishia ng'ombe, fimbo iko katikati ya magoti, hajali lolote. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wakizungushwa kwenye vumbi la mbao na vijana wa vijijini waliovaa nguo nyeupe, na jaji akipita nyuma ya kila mmoja, akikagua mgongo, kiwele na miguu ya nyuma. Mzee alininong'oneza kwamba wa tatu kutoka mlangoni ndiye atakayeshinda, kwa sababu anakanyaga sawa na mishipa ya maziwa tumboni imejitokeza. Jaji alimpa wa tatu utepe. Kundi lililofuata mzee akachagua tena, akapatia tena. Kundi la tatu jaji alichagua mwingine, na mzee akatikisa kichwa akasema kwamba jaji huyu anajua ng'ombe ila ameanza kuchoka. Mkulima mmoja aliyeketi jirani aliuliza mzee anasema nini, mjukuu akatafsiri, na wale wawili wakakaa pale kwa karibu saa mbili wakizungumza juu ya mitamba, mjukuu akikimbizana na maneno ya kwato na magonjwa ambayo hakuwa nayo katika lugha yoyote. Tuliporudi kwenye basi mzee aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani ameulizwa jambo analolijua.

Mpira wa miguu sikuuacha, kama baadhi walivyodai. Columbus Crew ni miongoni mwa klabu zilizoianzisha MLS, ligi kuu ya mpira wa miguu ya Marekani, mwaka 1996, na uwanja wao wa zamani, uliofunguliwa 1999 karibu na viwanja hivyo hivyo vya maonyesho, ulikuwa wa kwanza nchini kujengwa kwa ajili ya klabu ya ligi hiyo. Wageni miongoni mwetu hawakujua kwamba mwaka 2017 mmiliki wa wakati ule alitangaza nia ya kuihamishia timu Austin, kule Texas, na kwamba mashabiki wa kawaida waliinuka, wakaandamana, wakaandika, na jimbo likafungua kesi kwa kutumia sheria ya 1996 iliyotungwa baada ya Cleveland kunyang'anywa timu yake ya futiboli ya Kimarekani. Timu ikabaki chini ya wamiliki wapya, ikapata uwanja mpya katikati ya jiji mwaka 2021, na Desemba 2023 ikachukua ubingwa hapa hapa nyumbani kwa kuifunga LAFC ya Los Angeles 2–1, bao moja likiwa la Yaw Yeboah wa Ghana. Agosti mwaka huu waliwafunga LAFC hao hao 3–1 katika fainali ya Leagues Cup, kombe la klabu za MLS na za Mexico. Fainali hiyo tuliitazama kwenye televisheni ya mgahawa wa Kisomali, kwa sababu bei ya tiketi ya familia moja ingewapeleka wanachama wote Huntington Park na chenji ikabaki. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukapiga kelele, na mwenye mgahawa hakutufukuza. Kama kuna anayeona kwamba hayo hayakuwa matembezi, nitamsikiliza mkutanoni.

Niingie kwenye migahawa yenyewe, ambako lawama nyingi ni za kamati na nyingine ni zangu binafsi. Septemba tulikwenda German Village, mtaa wa nyumba na njia za matofali uliojengwa na wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 19, walipokuwa takriban theluthi ya watu wa jiji hili. Tulikula Schmidt's, jina lililoanza na kiwanda cha nyama mwaka 1886 na kufungua mgahawa mwaka 1967. Soseji yao inayosifiwa, inayoitwa Bahama Mama, ina nyama ya ng'ombe na ya nguruwe pamoja, na jambo hilo limeandikwa wazi. Sisi ndio hatukusoma kabla ya kuweka nafasi. Matokeo yake ni kwamba nusu ya meza ilikula soseji na nusu ikala saladi ya viazi na mkate, ikingojea kile kitamu cha mwisho, andazi jepesi lililojazwa krimu na kuizidi ngumi ya mtu mzima. Hapana aliyenung'unika kwa sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Kilichotuokoa ni mpiga akodiani, kwa kuwa hakuna mpenzi wa taarabu ya Unguja anayehitaji kuelezwa chombo hicho. Bibi mmoja alifumba macho akatikisa bega kwa wimbo wa Bavaria kana kwamba yuko Malindi.

Baada ya chakula tulitembea hadi Schiller Park, na hapo niliona uso wa kila mmoja ukibadilika nilipoeleza kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mtaa huu ulitiliwa shaka, mitaa ikabadilishwa majina, na bustani hii ya mshairi wa Kijerumani ikaitwa Washington Park kabla ya kurudishiwa jina lake. Ni vita hiyo hiyo iliyowaondoa Wajerumani Tanganyika. Mzee wa Bagamoyo alisema kwamba kwao waliondoka wakaacha ngome na neno «shule»; hapa wameacha matofali na soseji ambayo yeye haruhusiwi kuila.

Mgahawa mwingine tuliokwenda Oktoba sitautaja. Walitupokea, kisha wakatutenga katika vyumba viwili kwa kuwa watoto walikuwa wengi, na kila baada ya dakika chache mhudumu akauliza kama tumemaliza. Siku hiyo pia tulikuwa tumechagua Jumamosi ambayo Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kinacheza nyumbani. Ohio Stadium ya mwaka 1922 inachukua watu zaidi ya laki moja, na mtu aliyeishi hapa hata mwaka mmoja anajua kwamba siku hiyo High Street haipitiki. Kosa ni langu, kwa sababu ratiba hutolewa mapema na nilikuwa nimeibandika kwenye jokofu langu mwenyewe.

Linganisheni na Jumamosi ya Novemba tuliyokwenda North Market. Soko hili lilianza mwaka 1876, na leo ni jengo la vibanda vya vyakula ambako kila mtu anapanga foleni yake, ananunua anachotaka kwa kiasi alichonacho, kisha wote mnapanda ghorofani na kuketi pamoja. Kuna Hoyo's Kitchen, ambao jina lao limetokana na neno la Kisomali la mama, na wali wao pamoja na nyama ya viungo havikumlazimisha yeyote kuuliza maswali. Kuna Momo Ghar ya Wanepali, ambako tulikula momo, vitumbua vya unga laini vilivyojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke. Mjadala kama ni sambusa zilizoogopa mafuta ulichukua nusu saa. Kuna aiskrimu za Jeni's, zilizoanzia soko hilo hilo mwaka 2002. Sahani zilizunguka. Mtoto mmoja alikula kwa watu watano bila kununua kitu. Nilipotaja kwamba mahali pale palikuwa makaburi ya zamani ya mji, mzee wetu wa Barawa aliweka kijiko chini akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Tuliketi kuanzia saa sita mchana hadi karibu saa kumi jioni, na hakuna aliyetuuliza kama tumemaliza.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo moja la kupigiwa kura: kwamba mwaka 2025 chama kiache kabisa kuweka nafasi za pamoja katika migahawa ya meza, fedha hizo zihamishiwe kwenye tiketi za kundi za Clippers kwa siku mbili za msimu, na milo yetu ya pamoja ifanyike North Market na kwenye matamasha ya bustani. Atakayependa soseji ya German Village au piza ya Columbus, ile ya ukoko mwembamba inayokatwa vipande vya mraba, aende na familia yake, na kwa piza namshauri aende, maana mraba unagawika kwa watoto bila ugomvi kuliko pembe tatu. Kamati nayo itawajibika kuuliza juu ya nyama halali kabla ya kutangaza safari yoyote, kuchagua mahali panapofikiwa na basi la COTA, na kuangalia ratiba ya chuo kikuu. Kukodi basi kumependekezwa tena na wanachama wawili; mimi nitapiga kura ya hapana, na ninawatangazia sasa.

Mzee wa Minembwe ameomba Maonyesho ya Jimbo yasiondolewe kwenye ratiba hata kama hakuna fedha, na amesema atajilipia nauli. Yule mkulima alimwandikia mjukuu namba ya simu, nao wameshazungumza mara mbili.

Mwisho, vitu vilivyosahaulika. Gereji yangu ina mikeka miwili ya Pemba, birika moja la chai, kofia ya Clippers ya mtoto, na miwani mingi ya kadibodi ya kutazamia jua, ambayo kwa tarehe nilizozitaja sidhani kama mtu ataihitaji. Wenye mikeka na birika waje wavichukue kabla ya siku ya mkutano, kwa sababu baada ya hapo mke wangu amesema ataanza kuvitumia.

Wenu katika utumishi,

Mwenyekiti
Columbus, Ohio